Bulgaria: mshahara yuro 620, mkononi 481. Tupige hesabu ya kuishi

#1 Mpiga Hesabu

Wakuu, salaam. Haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Wakala kaniambia kuna kazi ya ghala Bulgaria, yuro 620, ni Umoja wa Ulaya, niende?" Nafungua uzi huu tuweke namba mezani. Wanaojua mishahara, nyumba na bili karibuni. Hadithi za safari zina nyuzi zake, huku tunataka makato, bei na mitego.

Naanza na mshahara wenyewe.

Kima cha chini tangu Januari 1, 2026 ni yuro 620.20 kwa mwezi wa saa kamili, sawa na yuro 3.74 kwa saa. Mwaka 2025 kilikuwa leva 1,077, na 2024 leva 933. Leva imeondoka rasmi, yuro imeingia siku hiyohiyo ya Januari 1 kwa kiwango kilichofungwa cha leva 1.95583 kwa yuro moja. Kwa hiyo wakala anayekupa mshahara kwa leva mwaka huu anatumia tangazo la zamani. Mwambie aandike upya.

620.20 ni kabla ya makato. Mfanyakazi anakatwa michango 13.78%: pensheni 8.78, ugonjwa na uzazi 1.4, ukosefu wa kazi 0.4, bima ya afya 3.2. Hiyo ni yuro 85.46, inabaki 534.74. Hapo ndipo inakuja kodi ya mapato 10%, yaani 53.47. Mkononi unabaki na 481.27.

Hakuna kiwango cha chini kinachosamehewa kodi. Tangu 2008 ni 10% bapa kuanzia senti ya kwanza, kwa mfagiaji na kwa mkurugenzi. Tena mkurugenzi ana nafuu, maana michango ina dari (2025 ilikuwa leva 4,130 kwa mwezi) na kinachozidi hapo hakikatwi mchango. Ukipiga asilimia ya makato yote kwa pamoja, mwenye 620 anakatwa asilimia kubwa kuliko mwenye 6,000.

---

#2 kijana_wa_nyali

Mkuu, 481 inapita milioni ya Kitanzania, na kwetu Kenya ni zaidi ya elfu sitini. Sioni shida iko wapi, si mtu abane matumizi tu?

---

#3 Mpiga Hesabu

@kijana_wa_nyali tatizo ni kwamba hutaitumia Nyali, utaitumia Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Subiri wa nyumba aje.

---

#4 Dalali Mstaafu

Nimefika. Kitu cha kwanza ambacho wageni hawakioni: Bulgaria zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi kwenye nyumba yao au ya familia. Maghorofa ya paneli (kuta za zege za kiwandani) yaliyojengwa enzi za ujamaa yaliishia mikononi mwa waliokuwa wakikaa humo. Mbulgaria wa mshahara wa chini mara nyingi halipi kodi ya nyumba, na bibi yake kijijini anamletea mitungi ya nyanya, pilipili za kusaga na kachumbari ya msimu wa baridi. Yeye 481 yake inaingia kwenye bili na chakula tu. Wewe mgeni unaanza na kodi ya nyumba, wala bibi huna. Mshahara ni uleule ila maisha ni mawili tofauti kabisa, na wakala akikwambia "mbona wenyeji wanaishi" anakuficha hilo.

Bei za Sofia kwa kawaida: chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana yuro 200 hadi 300, garsoniera (chumba kimoja chenye jiko lake) 350 hadi 500 kutegemea mtaa na umbali na metro. Lyulin, Obelya na Mladost ni mitaa ya paneli yenye metro. Lyulin na Obelya huwa nafuu kidogo, Mladost imepanda kwa sababu ya maofisi. Plovdiv, Varna na Burgas ziko chini ya Sofia lakini siyo nusu yake. Varna na Burgas zina mtego wa bahari: mwenye nyumba anakupa mkataba wa Oktoba hadi Mei, kiangazi anakutoa ili apangishe watalii kwa siku.

Siku ya kuingia unatoa: kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja (wengine wawili), na ya dalali, nusu mwezi hadi mwezi mzima. Kwa chumba cha 250 andaa 625 hadi 1,000 kabla hujalaza kichwa. Mtu anayefika na yuro 200 mfukoni "nitalipwa mwisho wa mwezi" anaishia kwenye kitanda cha mwajiri, na hapo ndipo mnyororo unapoanza.

Swali la kuuliza kabla ya bei: je, mwenye nyumba atakuandikisha kwenye anwani? Kibali cha ukaazi kinahitaji anwani, na anwani inahitaji ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Wengi hukataa kwa sababu mkataba ukionekana watalipa kodi ya mapato ya pango, ambayo kwa kweli siyo kubwa: 10% baada ya kuondoa 10% ya matumizi, yaani 9% ya kodi unayompa. Wengine hukubali ukiongeza hiyo 9% juu yako. Si haki, lakini ni nafuu kuliko kibali kukwama.

---

#5 Shangazi wa Plovdiv

Naongezea kwa kaka Dalali: muulize pia ada ya ngazi. Kila mlango wa ghorofa una mtu anayekusanya hela ya lifti, taa za ngazi na usafi. Ni yuro chache kwa kichwa, lakini mpangaji aliyetangulia akiacha deni, jirani anakuja kukudai wewe. Omba risiti ya mwisho kabla hujasaini.

---

#6 Radieta Baridi

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo bajeti nyingi hufia.

Matangazo ya nyumba yana neno TETs. Maana yake jengo limeunganishwa na joto la jiji: mtambo unachemsha maji, yanapita kwenye mabomba hadi kwenye radieta zenu. Ni joto zuri, lakini bili yake ina sehemu tatu na wageni wengi huielewa moja tu:

1. Joto la radieta zako. Kila radieta ina kidude kinachohesabu "vipande". Vipande siyo kilowati. Thamani ya kipande inajulikana msimu ukiisha, baada ya kugawanya joto lote la jengo.

2. Maji ya moto, kwa mita yake.

3. Joto la mabomba ya jengo lenyewe. Hili unalipa hata ukifunga radieta zote, hata ukiziondoa ukutani. Sheria ya nishati inasema bomba linalopita kwenye nyumba yako linakupa joto, kwa hiyo wewe ni mteja. Anayekwambia "funga radieta, bili itakuwa sifuri" hajui analosema.

Mtego mkubwa ni bili ya kusawazisha. Miezi ya baridi unalipa makadirio yanayotokana na matumizi ya msimu uliopita. Msimu ukiisha mpimaji anapita, kampuni inapiga hesabu halisi, na kiangazi inatoka bili ya kurudisha au kudai tofauti. Aliyekaa kabla yako akiwa mbahili, makadirio yako yatakuwa madogo, utafurahi hadi Machi, halafu Julai unadaiwa mamia. Kinyume chake pia hutokea: unalipa makadirio makubwa ya familia ya watu wanne, unahama Mei, na marejesho ya Julai yanaingia kwa mwenye nyumba.

Cha kufanya siku ya kuingia: piga picha kila kidude cha radieta, mita ya maji moto na ya maji baridi, namba zisomeke na tarehe ionekane. Ziandikwe kwenye waraka wa makabidhiano wenye saini mbili. Kwenye mkataba weka sentensi moja tu: bili ya kusawazisha ya msimu huu itagawanywa kwa miezi ya kukaa, hata baada ya mpangaji kuondoka.

Na siku ya mpimaji uwepo, tangazo hubandikwa mlangoni pa jengo. Usipofungua, unahesabiwa kwa kanuni badala ya matumizi yako. Maji ya moto bila kusomwa hukadiriwa lita 140 kwa mtu kwa siku. Hakuna anayeoga lita 140 za moto kila siku, lakini utazilipa.

---

#7 kijana_wa_nyali

Na nyumba isiyo na TETs? Naona nyingi za bei nafuu zimeandikwa "umeme".

---

#8 Radieta Baridi

Nafuu yake imefichwa kwenye mita. Tupige hesabu kwa senti 15 za yuro kwa uniti ya mchana (weka bei ya bili yako, mikoa hutofautiana).

Hita ya mafuta ya 2 kW, saa 6 kwa siku: uniti 12 kwa siku, 360 kwa mwezi, yuro 54. Chumba kimoja hicho, bado maji ya kuoga na jiko.

Kiyoyozi cha inverter kinachopasha, kwa joto lilelile: kinatumia takriban theluthi moja ya umeme, uniti 120, yuro 18. Nje ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri ufanisi unapungua, lakini bado kinaishinda hita. Kwa hiyo nyumba ya "umeme" yenye kiyoyozi kizuri kwa kodi ya 280 ni nafuu kuliko ya 250 yenye hita mbili za zamani. Muulize mwenye nyumba kama kiyoyozi kinapasha na lini kilisafishwa mara ya mwisho.

Mita nyingi zina bei mbili, na ya usiku ni ya chini sana. Novemba hadi Machi usiku ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Aprili hadi Oktoba ni saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Tangi la maji ya moto liwekee saa ya kuwasha yenyewe usiku, ni kifaa cha yuro chache. Kagua uwezo wake: tangi huvuta 2 hadi 3 kW, saa ndogo ya bei rahisi inayeyuka.

Nyaya za maghorofa ya paneli ni za zamani, hazikupangiwa hita mbili na jiko kwa pamoja. Hita moja kwa soketi ya ukutani, kamwe usiiweke kwenye ekstensheni yenye birika na microwave. Plagi ikiwa moto ukiigusa, zima, kwani fyuzi haitakuonya kila mara.

---

#9 msomaji_kimya

Hizi saa 4 usiku na saa 12 ni za kwetu, siyo? Isije mtu akawasha tangi saa kumi jioni.

---

#10 Radieta Baridi

Ndiyo, saa za Kiswahili. Kwenye kifaa andika 22:00 hadi 06:00 (Aprili hadi Oktoba 23:00 hadi 07:00).

---

#11 Karani wa Mishahara

Mpiga Hesabu kaeleza makato vizuri. Mimi nishike mkataba, kwa sababu hasara kubwa kwa mgeni huanzia kwenye karatasi kabla hata ya bei ya maziwa.

Kuna michezo miwili maarufu. Wa kwanza, "karatasi kidogo, bahasha kubwa": mkataba wa kima cha chini, nyingine anapewa mkononi. Wa pili, mkataba wa saa 4 huku unafanya 8 au 12. Mfanyakazi hufurahi kwa sababu bahasha haina makato. Lakini malipo ya ugonjwa, ya ukosefu wa kazi na ya uzazi hupigwa kwa kilichoandikwa. Ukivunjika mguu, siku 2 za kwanza mwajiri analipa 70% ya mshahara wa karatasi, kuanzia ya tatu taasisi ya bima ya jamii inalipa 80%, na ni sharti uwe na miezi 6 ya michango kwa ugonjwa wa kawaida. Mkataba wa saa 4 kwa kima cha chini ni yuro 310, na 80% yake haifiki 250 kwa mwezi mzima. Kodi ya chumba imekwisha hapo.

Jinsi ya kukagua bila kumuuliza bosi:

Kabla ya siku ya kwanza kazini mwajiri lazima akupe nakala ya mkataba uliosainiwa na nakala ya taarifa iliyothibitishwa na NAP, mamlaka ya mapato. Hiyo taarifa hupelekwa ndani ya siku 3 tangu kusaini. Bila karatasi hizo mbili mwajiri haruhusiwi kisheria kukuingiza kazini. "Tutakupa wiki ijayo" maana yake hujaandikishwa.

Baadaye nenda ofisi ya NAP na kitambulisho, omba PIK. Ni namba ya siri ya kuingilia kwenye mfumo wao, haina malipo. Humo unaona mkataba wako, saa zilizoandikwa, kazi iliyoandikwa na michango ya kila mwezi. Tangu Juni 1, 2025 daftari la karatasi la ajira limeanza kubadilishwa na rekodi ya kielektroniki, kwa hiyo hata kuacha kazi kunaonekana humo. Angalia kila mwezi, siyo ukishafukuzwa.

---

#12 Mpiga Hesabu

Mkuu Karani, weka na nyongeza za usiku. Maghala mengi kule ni zamu.

---

#13 Karani wa Mishahara

Usiku ni saa 22:00 hadi 06:00. Kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua 0.15% ya kima cha chini, mwaka huu yuro 0.93. Zamu 8 za usiku zenye saa 8: saa 64, yuro 59.5 kabla ya makato. Kama hati yako ya mshahara haina mstari wa "noshten trud" (kazi ya usiku) na unafanya usiku, unaibiwa.

Ovataimu: siku za kawaida angalau 50% juu, siku za mapumziko 75%, sikukuu za kitaifa 100%. Kuna kampuni zinazohesabu saa kwa kipindi cha miezi kadhaa badala ya wiki. Huko ovataimu hujulikana mwisho wa kipindi na nyongeza ni 50%. Huo mfumo ni halali, lakini weka daftari lako la saa, kwa sababu mwisho wa kipindi ni neno lako na neno la programu yao.

Na kuna "klas", nyongeza ya miaka ya kazi, angalau 0.6% kwa kila mwaka. Mwaka mmoja kwa kima cha chini ni yuro 3.72. Miaka yako ya kazi nyumbani usitegemee ihesabiwe.

Vocha za chakula ni kitu cha kupigania zaidi ya nyongeza ya mshahara. Mwajiri anaweza kutoa hadi leva 200 kwa mwezi, sasa kama yuro 102, bila kodi wala michango. Kwa mshahara wa 620, vocha kamili ni kama kupandishwa mshahara mkononi kwa asilimia 21. Ukipewa kuchagua kati ya nyongeza ya 100 kwenye mshahara na vocha ya 100, nyongeza inakuwa 77.60 mkononi, vocha inabaki 100 dukani. Ila mwenye mipango ya pensheni au ya bima aangalie upande wa pili, vocha haiingii kwenye hesabu ya michango.

---

#14 Shangazi wa Plovdiv

Haya, jikoni sasa.

Wanasema Bulgaria ni rahisi. Kwa jumla ni kweli, bei za matumizi ya kaya ziko karibu asilimia 60 ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Lakini hiyo jumla imeshushwa na nyumba na huduma: kinyozi, basi, fundi. Chakula kimekaribia sana bei za Magharibi, na jibini na maziwa hazina tofauti ya maana. Sababu moja ni VAT: chakula kinatozwa 20% nzima. Mkate na unga ulipewa 0% kuanzia Julai 2022, ukarudishwa 20% Januari 2025. Nchi nyingi za Ulaya zina VAT ya chini kwa chakula, hawa hawana.

Cha kununua kwa mtu wa 481: maharage makavu (bob) na dengu (leshta) kwa kilo, mchele, viazi na vitunguu vya gunia sokoni, kabichi kuanzia Oktoba, mafuta ya alizeti, mayai ya 30, mapaja ya kuku ya promosheni. Mtindi wa ndoo ndogo ya gramu 400 ni chakula cha kweli, chukua wa 3.6% ya mafuta kama bei inalingana na wa 2%. Mtu mmoja anayejipikia akijipanga anakula kwa 140 hadi 170 kwa mwezi. Anayekula banitsa (andazi la jibini) na kahawa za vibandani kila siku anafika 250 na njaa anayo.

Ugali upo! Wao wana kachamak, ni uji mzito wa mahindi, kwa hiyo unga unapatikana kila duka, umeandikwa "tsarevichno brashno". Ni wa njano. Usichukue "gris", hiyo ni chenga, haishikani. Unga wao unakunywa maji zaidi ya sembe: anza na uji mwepesi, uache uchemke dakika kama tano, ndipo uongeze unga wa kusonga. Ukimwaga wote kwa mpigo unapata mabonge mabichi katikati.

Jibini ya rafu: bidhaa zenye mafuta ya mawese zinatakiwa kukaa sehemu yake na kuandikwa kuwa ni za kuiga. Bei ya chini kupita kiasi, geuza pakiti usome.

Na soma bei ya kilo, siyo ya pakiti. Mafuta ya "lita" mengine ni mililita 900. Hadi Agosti 8, 2026 maduka yanatakiwa kuonyesha leva na yuro. Chukua bei ya leva, gawanya kwa 1.95583. Ikizidi hata senti mbili, wasiliana na mamlaka ya ulinzi wa walaji.

---

#15 Mchumi wa Barazani

Hapo kwa Shangazi naomba nitie neno. Watu wanasema "yuro imepandisha bei". Mkate ulipanda Januari 2025, mwaka mzima kabla ya yuro, kwa sababu ya VAT. Mwezi uliofuata, Februari 13, 2025, kulikuwa na mgomo wa wanunuzi dhidi ya maduka makubwa, wazo lililoanzia Croatia, ambako yuro iliingia 2023. Bulgaria yenyewe ilikuwa bado na leva. Kinachopanda kwa haraka ni huduma: kahawa, kinyozi, chakula cha mchana mgahawani. Huko kuzungusha bei kwenda juu ni rahisi, na VAT ya migahawa nayo ilirudi 20% kutoka 9% Januari 2025.

Upande wa pili, tuwe wakweli: mishahara imepanda kwa kasi. Sheria tangu 2024 inafunga kima cha chini kwenye 50% ya wastani wa mshahara wa nchi, ndiyo maana kimetoka 780 mwaka 2023 hadi sawa na 1,213 leo, kwa leva. Wastani wa nchi 2025 ulizunguka leva 2,500. Lakini huo umevutwa juu na Sofia na kompyuta zake. Ukienda Vidin au Kyustendil ni nchi nyingine, na kaskazini-magharibi, iliko Vidin, ni miongoni mwa mikoa maskini kabisa ya Umoja wa Ulaya.

---

#16 kijana_wa_nyali

Kwa nini basi mtu asiende Vidin, kodi iwe ndogo?

---

#17 Dalali Mstaafu

Kodi ni ndogo kweli, ghorofa zima kwa bei ya chumba cha Sofia. Kazi ndiyo hakuna, na zilizopo ni za kima cha chini kabisa. Ukiachishwa hakuna mlango wa pili wa kubisha. Kwa mwenye kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja hilo ni hatari kuliko kodi.

Vijijini na miji midogo wengi wanapasha kwa kuni, na kuni zina wizi wake. Muuzaji anapima "kubik", yaani mita ya ujazo. Kubik ya kuni zilizopangwa na kubik ya kuni zilizomwagwa kwenye trela ni vitu viwili: zilizomwagwa ukizipanga zinabaki kama theluthi mbili. Sema wazi unataka zilizopangwa, na uzipime mwenyewe: urefu mara kimo mara upana wa rundo. Nunua Mei au Juni, siyo Oktoba. Kuni za Oktoba ni mbichi, nusu ya moto inakausha maji na bomba la moshi linajaa lami.

---

#18 Karani wa Mishahara

Mambo mawili yanayoumiza wenye familia.

Punguzo la kodi kwa watoto lipo na ni kubwa: leva 6,000 za mapato kwa mtoto mmoja, 12,000 kwa wawili, hazitozwi kodi, yaani leva 600 au 1,200 zinarudi mwaka ukiisha. Hizo ndizo namba za mwaka wa kodi 2025. Tamko linapelekwa NAP hadi Aprili 30. Lakini mtoto lazima awe mkaazi wa Bulgaria au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi. Mtoto aliyebaki Mwanza au Mombasa hahesabiwi. Msimjazie mtu matumaini.

Pili, pengo kati ya kazi mbili. Ukiacha kazi, bima ya afya unajilipia: 8% ya nusu ya kima cha chini cha michango, yuro ishirini na kitu kwa mwezi, baada ya kupeleka tamko la "Obrazets 7". Mwisho ni tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Ukikosa zaidi ya michango 3 ndani ya miezi 36, haki ya matibabu inasimama hadi ulipe yote. Mwenye bima anamlipa daktari wa familia kama yuro 1 na nusu kwa ziara. Asiye na bima analipa bei kamili, na jino moja linaweza kula kodi ya nyumba.

---

#19 Mpiga Hesabu

Naunganisha kwa Sofia, mwezi wa Januari, mtu mmoja, kima cha chini bila vocha: chumba 230, sehemu yake ya joto na umeme 55, chakula 155, pasi ya usafiri kama 26, simu 10. Jumla 476. Zinabaki yuro 5. Sijaweka viatu vya theluji, dawa, kibali, wala hela ya kutuma nyumbani. Kiangazi joto likiondoka zinabaki 40 hadi 50.

Ongeza vocha kamili na zamu 8 za usiku: mkononi inakuwa 481 na 46 na 102, karibu 629. Hapo 150 hivi inabaki. Kwa hiyo kwangu jibu la "niende?" liko kwenye hizo nyongeza zimeandikwa au hazijaandikwa, siyo kwenye 620.

---

#20 dada_mkunga

Na ile ya "malazi bure kwa mwajiri"? Wakala wengi wanatumia hiyo kutuvuta.

---

#21 Karani wa Mishahara

Dada, taka iandikwe kwenye mkataba, na neno "bure" liwepo. Kinachotokea mara nyingi: kwa mdomo ni bure, hati ya mshahara ya kwanza ina makato ya 150 ya kitanda kwenye chumba cha watu sita. Kifungu cha 272 cha sheria ya kazi hakiruhusu mwajiri kukata mshahara bila ridhaa yako, isipokuwa mambo yaliyotajwa kama kodi, michango, malipo ya awali uliyochukua na amri za mahakama. Kitanda hakimo. Kwa hiyo wanakusainisha "ridhaa" siku ya kufika, kwa Kibulgaria, ukiwa na usingizi wa ndege. Usisaini usichokisoma, piga picha, tafsiri kwenye simu kwanza. Kwa wafanyakazi wa msimu sheria ya Umoja wa Ulaya inakwenda mbali zaidi: pango lisizidi kiasi ukilinganisha na mshahara, na lisikatwe moja kwa moja kwenye mshahara.

Mshahara ukichelewa kwa sababu ya ugumu wa kampuni, kifungu cha 245 kinataka ulipwe angalau 60% ya mshahara wako na isiwe chini ya kima cha chini. Kilichobaki ni deni lenye riba. Malalamiko yanapelekwa ukaguzi wa kazi, hata kwa mtandao. Ambatanisha mkataba, taarifa ya NAP, picha za ratiba za zamu na daftari la saa.

Kabla ya kumlipa wakala hata shilingi, omba vitu hivi kwa maandishi: mshahara wa msingi kwa yuro kabla ya makato, saa kwa siku, idadi ya zamu za usiku, vocha ni kiasi gani, malazi ni bei gani na watu wangapi kwa chumba, na joto analipa nani.

---

#22 dada_mkunga

Asante kaka. Nimemtumia wakala hayo maswali sasa hivi. Kajibu la mshahara tu.

---

#23 Radieta Baridi

Mrudishie la joto kwanza.